Taa ya chaji isiyowaka, na karibu laki saba zilizopotea

Kwa miezi mitano niliangalia taa ndogo nyekundu yenye picha ya betri kwenye boti yangu, nikaona haiwaki, nikamshukuru Mungu. Nilijua kwenye gari taa hiyo ikiwaka barabarani ni balaa, basi isipowaka nikaona mambo ni mazuri. Hakuna aliyenifundisha kwamba taa hiyo lazima iwake kwanza, pale unapozungusha ufunguo kabla ya kuwasha injini, halafu ndiyo izime. Nimeamua kuandika kwa sababu tangu yanikute nimeulizwa swali lilelile, kwa nini betri haishiki chaji, na wenye boti watatu, na wawili kati yao walikuwa tayari wameshanunua betri mpya.

Mimi nafanya biashara Matema, wilaya ya Kyela, kando ya Ziwa Nyasa. Mwaka 2022 nilinunua boti ya mbao ya mtumba yenye injini ya dizeli ya silinda tatu, ile inayokaa ndani ya boti, si ya kupachika nyuma. Upande wetu wa mashariki, Milima ya Livingstone inashuka mpaka majini kama ukuta, kwa hiyo vijiji vya chini yake vinategemea maji. Ijumaa tunakwenda Ikombe kuchukua vyungu vya akina mama wa Kikisi kwa ajili ya soko la Jumamosi pale Lyulilo. Siku nyingine tunashuka mbali zaidi, mpaka Lumbila, na abiria, unga, saruji na sabuni.

Shida ilianza kidogokidogo. Asubuhi selfu, yaani mota ya kuwashia injini, ilizunguka kwa uzito, kama mtu anayeamshwa kabla hajamaliza usingizi. Taa za usiku zikawa za njano. Nahodha wangu alisema, "Mama, betri imechoka," nami nikakubali maana betri tuliikuta kwenye boti na hatukujua umri wake.

Lakini kulikuwa na jambo moja tuliloliona wote na hakuna aliyelitilia maanani. Tukienda Lumbila, safari ya saa nyingi kwa mwendo mkali, siku ya pili injini iliwaka vizuri. Tukienda Ikombe tu, hapo karibu, kwa mwendo wa taratibu kwa sababu ya vyungu, siku ya pili ilisumbua. Ningeliandika hilo kwenye daftari wiki mbili tu, ningekuwa na nusu ya jibu mkononi.

Nilipanda gari hadi Mbeya, nikaingia soko la Mwanjelwa, nikanunua betri ya N100 (ya ampea-saa 100 hivi) kwa shilingi 310,000. Ile ya zamani nilimwachia muuzaji, akanipunguzia 30,000. Hakuipima, nami sikumwomba aipime. Huenda nilitoa betri nzima kwa bei ya chuma chakavu. Betri iliyokosa chaji na betri iliyokufa hufanana sana ukiziangalia kwa macho, ndiyo maana siku hizi siruhusu mtu aseme "betri mbovu" kabla haijachajiwa nje mpaka ijae, ikaachwa itulie saa kadhaa, ikapimwa. Ikisoma volti 12.6 hivi, imejaa. Ikisoma 12.2, iko nusu. Ikishajaa kisha ikaporomoka yenyewe bila kutumika, hapo ilaumu betri.

Betri mpya ilitupa raha wiki mbili na nusu. Halafu uzito uleule ukarudi.

Nikaita fundi wa umeme wa magari. Simtaji wala simchukii, alifanya wanachofanya mafundi wengi wa mitaani, na mimi ndiye niliyemlipa 40,000 kwa safari ya siku hiyo. Aliwasha injini, akavuta mafuta mpaka boti nzima ikatetemeka, kisha akachukua spana akalegeza kichwa cha betri na kuchomoa waya huku injini ikinguruma. "Umeona, mama? Haijazima. Alteneta yako nzima kabisa." Alteneta ndiyo mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri. Nikafurahi. Sekunde chache baadaye taa ya mbele ilimulika nyeupe sana, ikazimika, na redio ikatoa harufu ya plastiki inayoungua.

Hapa naomba mwenye boti asome polepole. Injini za dizeli za aina hii hazihitaji umeme ili ziendelee kuwaka. Zikishawaka, pampu ya mafuta inaendeshwa na injini yenyewe, na ukitaka kuzima unavuta kamba ya kukata mafuta. Unaweza kutoa betri, ukaipeleka nyumbani, injini ikaendelea kunguruma tu. Kwa hiyo kipimo cha kuchomoa betri hakikuambii lolote kuhusu alteneta. Ubaya wake ni mkubwa zaidi ya hapo: betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiiondoa ghafla chaji ikiwa inaingia, volti zinaruka juu kufumba na kufumbua, na zinachokutana nacho zinakiunguza, zikianza na dayodi, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zilizo ndani ya alteneta yenyewe. Ni vivyo hivyo ukizima swichi kuu ya betri wakati injini inafanya kazi. Taa na redio vilinigharimu 65,000, lakini hayo yalikuwa madogo kuliko lililotokea ndani ya alteneta bila sisi kujua.

Kuanzia siku ile betri ilianza kuisha usiku, boti ikiwa imefungwa tu ufukweni. Kijana wangu wa boti ndiye aliyegundua kitu cha ajabu. Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya maji, aliingiza mkono kwenye chumba cha injini kutafuta kitambaa, akautoa haraka. "Mama, njoo uguse." Injini ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Alteneta ilikuwa na joto, joto la kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani. Usiku kucha hakuna kilichozunguka.

Fundi aliporudi (40,000 nyingine) nilimweleza hilo. Akasema ni alteneta, tubadilishe. Safari hii alikuwa sahihi, ila hakujua kwa nini, na mtu asiyejua kwa nini hawezi kukulinda na kosa linalofuata. Nikanunua alteneta ya mtumba kwa 170,000. Tukaifunga. Betri ikaacha kuisha usiku. Safari ya Lumbila ikaenda salama. Nikatangaza kwa kila mtu kwamba tumemaliza.

Ijumaa iliyofuata, mwezi wa saba, tulikuwa Ikombe. Vyungu vilikuwa vimeshapangwa kwenye majani makavu, vikubwa chini, vidogo juu, na akina mama wanane wamekaa navyo. Upepo wa kusini ulikuwa umeanza kuinua mawimbi. Nahodha akazungusha ufunguo. Tik. Akazungusha tena. Tik. Wimbi likaipiga boti ubavuni, tukasikia chini ya majani mlio ambao mfinyanzi yeyote anaujua hata akiwa usingizini.

Kuna bibi mmoja ambaye nyumba yake inategemea safari hiyo ya Ijumaa. Hakunigombeza. Aliinamisha kichwa, akaanza kutoa vyungu kimoja kimoja, akivigonga kwa kucha na kusikiliza. Kizima kinalia kama kengele ndogo, chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa. Alipokuwa anaweka pembeni vilivyokufa, nililia mbele ya watu, na sijawahi kulia kwa sababu ya biashara tena tangu hapo. Mwenye duka alituazima betri ya sola yake. Tukaiunganisha na yetu, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, injini ikawaka jua likizama. Tulifika Lyulilo usiku. Nilimlipa kila mama vyungu vyake vilivyovunjika, jumla 90,000, lakini soko la asubuhi waliliingia wakiwa hawajalala.

Aliyenitoa kwenye shimo hilo ni mzee mmoja wa Itungi aliyestaafu kazi ya injini za meli. Alikuja na begi la shule lenye mita ya umeme, bisibisi na msasa. Sikuamini. Nilitarajia sanduku la vifaa.

"Tata, ninunue nini?" nilimuuliza, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu.

"Mwanangu, leo hatununui kitu. Leo tunauliza maswali. Umeme unasema ukweli, ila mpaka uulizwe mahali penyewe."

Alianza kwa kuuliza historia, na nilipofika kwenye safari ndefu zisizosumbua na fupi zinazosumbua, alitabasamu. Kisha akaomba tuzungushe ufunguo bila kuwasha. "Taa ya chaji iko wapi?" Nikamwonyesha. "Mbona haiwaki?" Nikamjibu kwa fahari kabisa kwamba haijawahi kuwaka. Alininyamazia kidogo, kwa huruma, si kwa dharau.

Akaingia kwenye chumba cha injini na bisibisi. Akalisogeza taratibu karibu na puli ya alteneta. Halikuvutwa. Akanieleza kwamba alteneta hutengeneza umeme kwa kuzungusha sumaku, lakini sumaku hiyo si ya kudumu. Inapewa uhai na umeme kidogo unaotoka kwenye betri, na njia ya umeme huo kwenye injini yangu ni ile taa nyekundu. Umeme unapita kwenye taa, taa inawaka, unashuka kwa waya mwembamba mpaka kwenye alteneta sehemu iliyoandikwa D+ (nyingine huandikwa L), sumaku inaamka. Injini ikiwaka, alteneta inajilisha yenyewe na taa inazima. Balbu ikiungua, njia imekatika. Alteneta ikizungushwa kwa kasi sana inaweza kujiamsha kwa usumaku mdogo uliobaki kwenye chuma chake, na ndiyo maana Lumbila ilituchajia na Ikombe haikutuchajia. Ndiyo maana pia fundi wa kwanza alipovuta mafuta chaji iliingia, na alipochomoa betri kukawa na cha kuunguza.

Kuhakikisha, alichomoa ule waya mwembamba, akaugusisha kwenye chuma cha injini ufunguo ukiwa umewashwa. Waya na balbu vikiwa vizima, taa ingewaka. Haikuwaka. Tukafungua dashibodi, akaitoa balbu na kuiinua kwenye jua. Kioo kilikuwa cheusi ndani, na uzi wake umekatika katikati, ncha mbili zikitazamana. Kijana akakimbia kwenye duka la spea za bodaboda, akarudi na balbu ya volti 12, wati 3. Shilingi 1,500.

Tukazungusha ufunguo. Taa ikawaka nyekundu kwa mara ya kwanza tangu niimiliki ile boti. Bisibisi lilipofika karibu na puli safari hii likavutwa, kama mtoto anayevuta kanga ya mama yake. Mzee alinipa nilishike mwenyewe niusikie ule mvuto. Akanionya nisije nikaweka kitaa cha LED mahali pa balbu hiyo kwa kuwa ni kizuri na hakiungui upesi, kwani LED ya kawaida inapitisha umeme mdogo mno kuamsha sumaku.

Mimi ningeishia hapo, nikapika wali na kusherehekea. Mzee aliwasha injini, akawasha taa zote ili umeme utembee kwa wingi, akaweka mita kwenye alteneta: 14.3. Akaweka kwenye vichwa vya betri: 13.1. "Hizi volti moja na nukta mbili zimeibiwa njiani," alisema. Betri ya risasi na asidi inahitaji kufikiwa na volti 14 hivi ili ijae. Kwa 13.1 inachajiwa kwa kulambishwa, na maisha yake yanafupika.

Namna ya kumtafuta mwizi ndiyo somo ninalolipenda kuliko yote. Hupimi kutoka chanya kwenda hasi. Unaweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya alteneta na nyingine kwenye chanya ya betri, injini ikiwaka na taa zikiwaka. Waya mzuri utasoma karibu na sifuri, tuseme 0.2 au 0.3. Wetu ulisoma 0.8. Kisha mwili wa alteneta na hasi ya betri: 0.4. Unaendelea kusogeza ncha kipande kwa kipande. Swichi kuu peke yake ilikuwa inakula 0.3. Zilizobaki zilikuwa kwenye waya.

Aliupasua ule waya kwa kisu karibu na kichwa chake. Nilitarajia shaba ya rangi ya shaba. Kulikuwa na unga wa kijani, na chini yake nyuzi nyeusi zilizovunjika kwa kuguswa. Akakata sentimita kumi, bado nyeusi. Akakata kumi nyingine. Watu huku husema ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi, kwa hiyo waya hauozi. Unaoza. Maji yanayokusanyika chini ya boti, mvuke wa joto la injini na hewa ya asidi ya betri vinatosha, ila vinachukua muda mrefu zaidi. Hasi nayo ilikuwa imefungwa juu ya rangi ya injini, na rangi haipitishi umeme. Ule umeme ulikuwa unapenya kwenye nyuzi za bolti tu.

Tuliunganisha upya kila kitu kwa siku mbili. Waya wa alteneta uliokuwa wa milimita 4 za mraba tukaweka wa 16, kwa sababu alteneta ni ya ampea 55. Vichwa vya waya vilibanwa kwa koleo lake maalumu, si kugongwa kwa nyundo, vikafunikwa na mpira unaosinyaa kwa moto. Rangi ilikwanguliwa kwa msasa mpaka chuma king'ae, bolti ikakazwa, ndipo grisi ikapakwa juu. Grisi ni baada ya kukaza. Karibu na betri tuliweka fyuzi ya ampea 80, maana waya ule una umeme wa betri saa zote hata injini ikiwa imezimwa, na boti ni ya mbao. Swichi kuu mpya. Pampu ya kutoa maji tukaipa waya wake kutoka betri moja kwa moja na fyuzi yake, ili swichi kuu izimwe kila jioni bila kuhofia boti kujaa maji. Kutozima swichi hiyo ndiko kulikoiacha alteneta ya zamani inyonye betri usiku.

Hilo la joto la asubuhi nalo alilifumbua. Aliniomba alteneta ya zamani, akaifungua, akaweka mita kwenye dayodi moja moja. Dayodi nzima inapitisha umeme upande mmoja tu, na hii moja ilipitisha pande zote mbili. Umeme wa betri ulikuwa unarudi kinyume na kuilisha sumaku usiku kucha. Ampea 3 kwa saa 12 ni ampea-saa 36, zaidi ya theluthi ya betri yangu, imegeuka joto. Sahani mpya ya dayodi ilikuwa 30,000, na sasa alteneta hiyo ni akiba yangu, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti cha nahodha. "Ndaga fijo, tata," nilimwambia, yaani asante sana, baba, na 50,000 aliyoipokea kwa kusita naiona ndogo mpaka leo.

Hesabu ziko hivi. Betri, mafundi, alteneta, vilivyoungua na vyungu: 685,000. Ugonjwa wenyewe, yaani balbu, waya na vichwa vyake, fyuzi na swichi: 87,500. Mita yangu mwenyewe niliinunua kwa 28,000, na kama ningeanza nayo nisingeandika haya. Huhitaji kusomea umeme kuitumia. Namba nne zinatosha kuanzia: betri iliyotulia, betri wakati selfu inazunguka (isishuke chini ya 10 hivi), betri injini ikiwaka (13.8 hadi 14.4), na alteneta wakati huohuo. Ziandike. Daftari langu lina tarehe, namba hizo, na safari tuliyokwenda. Na kabla ya mita, gusa mkanda unaozungusha alteneta kwa kidole gumba. Ukibonyea zaidi ya sentimita moja hivi au ubavu wake uking'aa kama umepakwa mafuta, anza hapo.

Sasa Ijumaa Ikombe, nahodha anazungusha ufunguo vyungu vikiwa bado mchangani. Ni sharti la akina mama wenyewe. Wiki iliyopita yule bibi alisimama maji yakimfika magotini, chungu kikubwa kichwani, akangoja.

"Imewaka?" aliuliza.

"Imewaka, bibi."

Injini ikanguruma.

"Imezima?"

"Imezima."

Ndipo akanipa chungu.